Maji ya Thuwaini

Jumatatu, 9 Januari 1956. Chumvini

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya dhambi. Padri Abrahamu aliponisikiliza maungamo wakati wa Noeli alichoka kungoja nikumbuke, akasema, "Mzee Ernesti, andika nyumbani. Ukikumbuka moja, andika. Pasaka nitakuja, utanisomea." Nina miaka sabini na tatu. Moyo umechoka, miguu imevimba kama nimeiazima kwa mtu mnene, na daktari wa Tanga amemwambia binti yangu Beatrisi, mbele yangu, kwamba huenda masika haya nisiyamalize. Basi nimechonga penseli, nimekaa mezani, nimeanza.

Dhambi ya kwanza: nina furaha isiyolingana na hali yangu.

Sababu yake ni Hamdiya, binti wa marehemu rafiki yangu Thuwaini, tuliyekaa naye dawati moja shule ya serikali Tanga enzi za Wadachi. Wiki iliyopita alikuja kwetu Pongwe na kigunia cha chumvi, akaniwekea mapajani. Kilikuwa kimelowa chini, kikanilowesha suruali.

"Inalia, Babu," akasema. "Kila mwaka inazidi. Ikifika Muheza gunia linatiririka. Wanunuzi wanasema ni chungu, tena inawakimbiza watu chooni. Ami Saud amesema msimu huu ndio wa mwisho. Masika yakianza atafungua gunia moja. Likiwa linalia, majaruba yote ya chumvi anawapa wenye mashamba ya mkonge, na mimi napelekwa Pemba kwa shangazi zangu."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka chumvi ya baba isilie."

Nilifanya kazi maabara ya Amani, kule milima ya Usambara, toka ujana wangu mpaka shughuli zilipohamishiwa Kenya. Miaka yote hiyo nilipima maji ya watu wengine: maji ya udongo, ya majani, ya magome. Nilipoaga nilipewa kipimajoto kirefu ambacho kila digrii yake imegawanywa mara kumi, na mizani ndogo ya shaba. Vilikuwa vimelala sandukuni, chini ya suti niliyoiweka ya kuzikwa nayo.

Beatrisi alikataa katakata. Yeye ni muuguzi wa zahanati, amezoea kukataa. Mwishowe tukapatana: nikae Chumvini, kwenye majaruba ya Thuwaini, mpaka nijue kwa nini chumvi inalia. Nikishajua, narudi Pongwe kitandani. Na kwa kuwa daktari amenikataza chumvi kabisa, isipite ulimini mwangu hata punje.

"Kupima tu, Baba."

"Kupima tu."

Alhamisi, 12 Januari

Jua kali, upepo wa kaskazi. Nimeonja maji ya jaruba. Tone moja, kwa kidole. Dhambi ya pili.

Jumanne, 17 Januari

Siku kubwa!

Kila asubuhi nachemsha kwanza maji ya mvua niliyoyakinga Pongwe, ili nijue kipimajoto kimeamkaje. Leo baada ya hapo nilichemsha chumvi safi ya paketi kwenye maji hayo hayo, juu ya stovu ya mafuta ya taa. Maji matupu huchemka kwenye mia. Ukitia chumvi yanagoma, yanataka moto zaidi ndipo yachemke. Na kila maji yanavyopungua kwa mvuke, mgomo unazidi. Mia na mbili. Mia na nne. Mia na sita. Ilipofika mia na nane na sehemu saba chumvi ikaanza kuanguka chini ya sufuria kama unga wa sembe, na zebaki ikasimama. Maji yakaendelea kupungua, chumvi ikaendelea kuanguka, zebaki haikutikisika! Kwa nini? Kwa sababu maji yamebeba mzigo wote yanaoweza kubeba. Tone linaloondoka linaangusha mzigo wake, yaliyobaki yanabaki vile vile. Nilijua litatokea. Nimeliona Amani mara nyingi. Lakini nilikuwa sijaliona kwa ajili yangu mwenyewe, nikapiga ukelele.

Safari, msimamizi wa majaruba, aliingia mbio na jembe mkononi.

"Nyoka yuko wapi?"

"Hakuna nyoka. Imesimama!"

"Nini imesimama, mzee?"

Nikamwonyesha. Akainama, akatazama zebaki, akanitazama mimi. "Haya," akasema. "Mungu akuzidishie." Jioni nilisikia vijana wa kazi wananiita Babu Joto.

Jumamosi, 21 Januari

Beatrisi amekuja na lori la asubuhi. Amebonyeza miguu yangu kwa kidole, akahesabu kimoyomoyo muda ambao shimo linakaa, akaninywesha glasi ya haluli, ile chumvi ya dawa ya kuharisha. Chungu kama kawaida, na tumbo likafanya kazi kama kawaida. Ameniletea maharage yasiyo na chumvi. Nimekula kama mtu anayetimiza nadhiri.

Alhamisi, 26 Januari

Sasa maji yetu. Nilichukua debe kutoka jaruba la mwisho, lile ambamo chumvi huanguka, nikachemsha. Chumvi ilianguka karibu na pale pale, mia na nane na kitu. Nikangoja zebaki isimame.

Haikusimama! Iliendelea kupanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi huku akijifanya hapandi. Mia na tisa. Mia na kumi. Mia na kumi na moja. Chumvi inaanguka, na bado inapanda. Maana yake humo ndani mna kitu kingine kisichoanguka, kinachobaki na kuzidi kujikusanya kadiri maji yanavyopungua.

Nilizima stovu, nikaosha sufuria nianze upya kesho.

Ijumaa, 27 Januari

Nimerudia. Hivyo hivyo.

Jumanne, 31 Januari

Leo Hamdiya amenieleza habari za birika. Ninaandika yote kwa sababu naona ndipo palipo mzizi.

Thuwaini, mwaka wake wa kwanza, baada ya kuvuna alibakiwa na maji mazito jarubani. Hakuyamwaga. Aliyaweka kwenye birika, tangi la chokaa lililojengwa nyuma ya ghala, na msimu uliofuata akayachanganya na maji mapya ya bahari. Chumvi ikaanguka upesi kuliko kwa jirani zake wote. Toka hapo kila mwisho wa msimu maji yanayobaki hurudishwa birikani, na kila msimu hufunguliwa kwayo. Alipofariki hawakuacha. Hamdiya husoma Fatiha, Safari humwaga debe la kwanza kwa mkono wa kulia, ndipo lango la bahari linafunguliwa. Wanayaita maji ya Thuwaini.

"Baba alisema maji haya ndiyo mama wa chumvi," akaniambia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa birika, amechovya vidole. Maji ya humo ni mazito, yanateleza kama mafuta. "Nilikuwa mdogo, ananibeba, ananiambia: salimia. Nasema shikamoo. Yeye anajibu kwa niaba ya maji: marahaba."

"Bado unayasalimia?"

Akacheka. "Watu wasiponiona."

Ijumaa, 3 Februari

Maji ya birika yalianza kuchemka kwenye mia na kumi na tatu. Hapo ndipo yalipoanzia!

Nimeonja. Nilikuwa sina nia. Kidole kilikwenda chenyewe, na ulimi ukaitambua papo hapo ile glasi ya Jumamosi. Haluli! Haluli na ndugu zake. Bahari ina chumvi nyingi na hizi chungu kidogo. Za kuliwa zinaanguka, chungu zinabaki majini. Thuwaini, rafiki yangu wa dawati, ulizikusanya mwaka hata mwaka, ukazihifadhi kama akiba, na kila msimu ukazirudisha kwenye chumvi.

Bado nahitaji kuona kwamba ndizo zinazolia. Nimechukua visahani viwili. Kimoja nimetia maji yaliyoshiba chumvi safi, cha pili maji ya birika. Nimevipima kwa mizani, nimeviweka jirani dirishani, nimevifunika pamoja kwa chupa kubwa ya peremende niliyoomba dukani. Havigusani. Sasa kungoja.

Jumapili, 5 Februari

Kisahani cha chumvi safi kimepungua. Cha birika kimeongezeka.

Jumanne, 7 Februari

Leo nimejua.

Kisahani cha chumvi safi kimekauka, kimebaki na ganda jeupe. Kisahani cha birika kimejaa hadi kinataka kumwagika. Nimepima: alichopoteza huyu amekipata yule, ila kidogo sana kilichobaki kwenye kuta za chupa. Hakuna mkono ulioingia. Maji yametoka kwa mmoja kwa njia ya hewa, yakahamia kwa mwenzake, kwa sababu huyu wa birika ana kiu kubwa zaidi. Anakunywa hewa! Akiwa ndani ya gunia anakunywa hewa ya masika, na gunia linalia.

Nimecheka peke yangu mpaka moyo ukagonga vibaya, nikalala chini kwenye sakafu baridi huku nikicheka.

Safari alipita, akachungulia dirishani. "Babu Joto, leo umesimamisha nini?"

"Njoo uone maji yanahama bila kubebwa."

Akatazama visahani. Akarudi nyuma hatua mbili. "Mzee, mimi nina watoto. Mambo haya fanya na Wakristo wenzako."

Jambo la kufanya ni jepesi kulisema. Birika limwagwe lote. Majaruba yasafishwe. Maji mapya yaingizwe, na kabla ya chumvi chungu kujaa, yanayobaki yarudishwe baharini. Maji mapya ya kutosha yanaingia wakati wa bamvua tu, maji ya bahari yanapojaa kupita kiasi. Bamvua inayokuja ni Jumamosi na Jumapili hii, mwezi ukiandama; nyingine ni wiki mbili baadaye.

Nitamwambia Hamdiya kesho.

Jumatano, 8 Februari

Sikumwambia. Nimerudia kipimo cha birika, ili niwe na hakika.

Alhamisi, 9 Februari

Nimeyapunguza maji ya birika kwa maji ya mvua, robo kwa robo, na kuchemsha kila mara. Nimechora mstari wa joto lake. Unapinda vizuri mno, kama mgongo wa paka anayejinyoosha. Sijawahi kuchora mstari mzuri hivi.

Jumapili, 12 Februari

Bamvua imekuja na imepita. Maji yalifika mpaka kwenye lango na kulilamba. Lango halikufunguliwa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba lifunguliwe, isipokuwa mimi.

Padri, hii ndiyo. Nyingine zote nilizoandika ni mzaha wa mzee. Nilijua Jumanne. Nikisema, nimekwisha jua. Na nikishajua, Beatrisi anafunga sanduku langu, narudi kitandani Pongwe, natazama dari mpaka nife. Hapa naamka kabla ya jogoo kwa hamu ya kuona zebaki. Hamu hiyo niliipenda kuliko mtoto wa rafiki yangu. Nimemnyima jua la wiki mbili, na jua la kaskazi halikopeshwi. Masika yakiwahi, atakwenda Pemba kwa sababu yangu.

Na ubaya zaidi ni kwamba hata ninapoandika haya nina mstari ule mbele yangu, na bado naona ni mzuri.

Jumatano ya Majivu, 15 Februari

Sikwenda kanisani, miguu. Nilijipaka mwenyewe majivu ya jikoni. Sikusema.

Jumapili, 19 Februari

Nimesema.

Nilimwita Hamdiya chumbani, nikaweka visahani vipya viwili mbele yake, nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Sikumwambia lini nilijua. Alisikiliza bila kunikata. Nilipofika kwenye birika alitazama nje, upande wa ghala.

"Yote?" akauliza.

"Yote, mwanangu."

"Debe moja tusibakize?"

"Debe moja ndilo lililoanza."

Alikisogeza kisahani kimoja kando. Kisha akasema, "Kumbe baba ndiye anayelia."

Nilimwambia nilivyomjua Thuwaini, kwamba shuleni alikuwa hatupi hata vipande vya chaki, alivichomeka masikioni akaadhibiwa. Alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

"Ami Saud ataniambia nimemwaga baraka."

"Mwambie Mkristo ndiye aliyekudanganya."

"Hilo," akasema, "ataliamini haraka."

Jumatano, 22 Februari

Safari alikataa kuvunja birika. Alisimama mbele yake na mikono kifuani. "Bibi Hamdiya, mimi niliajiriwa na marehemu. Debe la kwanza namwaga mimi. La mwisho siwezi." Vijana wote walisimama nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeletwa kwa kiti, nimekaa juani kama mshtakiwa.

Hamdiya hakubishana. Alivua viatu, akachukua nyundo ya kuvunjia mawe, akaenda penye tundu la kutolea maji, lililozibwa kwa chokaa toka zamani. Kabla ya kupiga aliinama, akasema polepole, lakini sote tulimsikia: "Shikamoo, Baba."

Upepo tu.

Ndipo Safari, jitu lile lenye ndevu, akajibu kwa sauti iliyokwaruza: "Marahaba." Akamnyang'anya nyundo, akapiga mwenyewe.

Yalitoka polepole, mazito, yakateremka mfereji hadi mikokoni. Yalichukua asubuhi nzima.

Jumatatu, 27 Februari

Bamvua! Lango limefunguliwa. Bahari imeingia majaruba yote, kina cha kiganja tu ili jua liyawahi. Nimepima: yanachemka mia na nusu, mepesi, machanga, kama mtoto asiyejua kitu.

Jumatatu, 5 Machi

Jua. Mia na moja na nusu. Ninamfundisha Hamdiya kusoma kipimajoto. Macho yake ni makali kuliko yangu, anasoma hata katikati ya vistari. "Usiguse chini ya sufuria," namwambia. "Nimeshajua, Babu." "Jicho lilingane na zebaki." "Nimeshajua!" Anakasirika vizuri.

Ijumaa, 9 Machi

Mia na mbili na sehemu nane. Mawingu upande wa Usambara. Beatrisi ananiuliza kila Jumamosi kama nimejua. Namwambia nimejua nusu.

Jumatano, 14 Machi

Mia na tano. Yamehamishiwa majaruba mawili ya mwisho. Safari ananusa hewa kama mbwa. Anasema wiki haitaisha kabla ya mvua. Wiki mbili, Ernesti. Wiki mbili ulizoiba.

Jumatatu, 19 Machi

Ninaandika kwa kulala ubavu.

Asubuhi mbingu ilikuwa imeshuka, rangi ya sufuria kuukuu. Maji yalikuwa mia na saba na nusu, chumvi bado kidogo tu ianguke. Mvua ikinyesha juu yake, tumerudi mwanzo na msimu umekwisha. Nikasema: tusilingoje jua. Makarai! Tuchemshe yaliyobaki kwa kuni, na kipimajoto kituambie pa kuacha.

Safari alikusanya makarai makubwa manne, yale ya kupikia harusi, na kuni za mikoko. Moto ukawashwa chini ya paa la ghala. Nilisimama na kipimajoto changu kwenye karai la kwanza, moshi unanipofua, nafsi yangu inaruka kama kijana. Ilipofika mia na nane na nusu chumvi ikaanguka! Nyeupe! Vijana wakapiga vigelegele kama wanawake. Nikageuka nimwambie Hamdiya, na sikuona tena kitu.

Niliamka chumbani. Safari alikuwa amenibeba. Nilitaka kuinuka, akaniweka mkono kifuani. "Babu Joto, leo wewe ndiye uliyesimama. Lala."

"Nani anasoma?"

Sauti ilipita ukutani, sauti ya Hamdiya, juu ya moto na kelele zote:

"Mia na nane na saba!"

Na baada ya muda: "Mia na tisa!"

Nilikuwa nimemwambia kwamba kikomo ni mia na kumi. Chini yake tunaacha chumvi majini, juu yake tunakaribisha zile chungu. Nililala nikisikiliza. "Mia na tisa na tatu!" Vijana walianza kuitikia kwa pamoja kila anapotaja. "Na tano!" "Na tano!" "Na nane!" "Na nane!" Hata moyo wangu ukafuata mpigo huo, ukatulia. Kisha akapiga kelele kubwa:

"Mia na kumi! Mwaga!"

Nikasikia maji yakimwagwa mferejini, karai moja, la pili. Alipofika la nne, bati la paa likagongwa na tone la kwanza la mvua, likafuatwa na mengine, kisha yote kwa pamoja.

Jumanne, 20 Machi

Magunia kumi na moja tu. Mwaka jana walipata mia na zaidi. Yako juu ya mbao ghalani. Mvua.

Jumamosi, 24 Machi

Mvua. Kuta zinatoa jasho. Beatrisi amekuja amelowa, amesikia habari za kuanguka kwangu kutoka kwa kila abiria wa lori. Hakunigombeza. Nimeona bora angenigombeza.

Jumamosi, 31 Machi

Padri Abrahamu alifika asubuhi kwa baiskeli, kanzu ameifunga kiunoni, matope hadi magotini. Nilimsomea daftari hili lote. Alisikiliza amefumba macho.

"Digrii nazo ni dhambi?" akauliza.

"Baadhi yake, Padri."

Tulipofika 12 Februari alifumbua macho. "Umemwambia yeye?"

"Hapana."

"Basi mimi nitakuondolea yangu. Yake mwombe mwenyewe."

Alasiri akaja Bwana Saud, mwavuli, fimbo, na uso wa mtu aliyekwisha amua. Nikabebwa kwa kiti mpaka ghalani. Hakumsalimia mtu ila mimi, kwa heshima ya dawati la kaka yake. Akachagua gunia mwenyewe, la chini kabisa, penye unyevu. Akalikata kwa kisu.

Alitumbukiza mkono mpaka kiwiko. Akautoa. Akakikunjua kiganja juu ya sakafu, akapuliza. Chumvi ikaruka kama vumbi.

Akaonja. Akaonja tena. Akatazama lile birika tupu, kupitia mlangoni.

"Kaka yangu alikuwa mbishi," akasema.

"Ndiyo, ami," Hamdiya akajibu.

"Magunia kumi na moja ni aibu."

"Ndiyo, ami."

"Mwakani nataka mia mbili." Akafungua mwavuli wake. "Na huyo mzee wa joto mlisheni, amekonda." Akaondoka.

Safari alijitupa juu ya magunia akacheka kifudifudi. Padri aliomba konzi moja ya chumvi. Kesho anabatiza watoto wawili wa wakataji mkonge, na sheria ya Kanisa inataka chumvi ulimini mwao.

Walipotoka wote nilimzuia Hamdiya. Nikamwambia nilijua lini. Nikamwambia kuhusu bamvua ya kwanza, na kuhusu mstari mzuri. Kumi na moja badala ya mia, nikasema, ni mimi.

Alikaa juu ya gunia. Alikuwa anachezea punje mkononi.

"Nilipita dirishani kwako ile Jumanne," akasema. "Ulikuwa umelala sakafuni unacheka, nikaogopa kuingia. Nikaona visahani. Kimoja kimekauka, kimoja kimejaa, na kile kilichojaa kilikuwa kinateleza kama mafuta. Babu, mimi nimekulia kwenye birika lile. Ningeyajua maji yale gizani."

"Ukanyamaza?"

"Nilingoja uniambie. Ulivyokawia, nilishukuru. Kila asubuhi nilikuwa naenda birikani kumwamkia baba." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Wiki mbili zile si zako peke yako. Nusu yake ni yangu."

Tulikaa tukisikiliza mvua. Kama Padri ana jina la jambo hili, sijalisikia.

Jumatatu ya Pasaka, 2 Aprili

Magunia yote makavu. Mvua haikatiki.

Beatrisi amefungasha. Sanduku liko mlangoni, suti ya kuzikwa juu, kipimajoto kimeviringishwa ndani yake. Makubaliano ni makubaliano. Nimekwisha jua, na kila mtu wa Chumvini anajua kwamba nimejua. Lori linakuja adhuhuri. Nilikaa ukingoni mwa kitanda.

Alinikorogea haluli, kijiko kinagonga glasi. Akakoroga muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasimama, ameishika glasi kwa mikono miwili, akaikunjia uso.

"Baba," akasema, "hivi kwa nini glasi inakuwa baridi ninapokoroga? Maji yalikuwa vuguvugu."

Nikamtazama. Amenikorogea haluli miaka mitatu, na siku zote glasi imekuwa baridi. Hakunitazama. Alikuwa anatazama lile sanduku.

Najua kwa nini. Nimelijua toka Amani, toka nywele zangu zikiwa nyeusi: chumvi zile zikiyeyuka huchukua joto la maji yenyewe. Ningeweza kumwambia hata baridi hiyo inafika wapi.

"Sijui," nikamwambia.

"Hujui kabisa?"

"Kabisa. Itabidi kupima."

Akaliburuta sanduku kutoka mlangoni hadi chini ya kitanda, akatoka kwenda kumwambia Hamdiya lori lisingojwe.

Dhambi hii, Padri, nitakusomea Pentekoste.